Friji Ambayo Bi Siwatu Hakuinunua

Kitendawili! Haya, semeni "tega", msinitolee macho. Sijala lakini nimeshiba lawama, sijabeba lakini bega linaniuma. Hamkijui? Nipeni mji. Mmenipa? Basi nimekwenda mjini kwenu, nimekula nikanywa, na sasa nimerudi kuwaambia: ni deni la kitu usichokinunua.

Hapo zamani za juzi, bando la wiki likiwa bado halijaisha, palikuwa na nchi moja yenye bahati. Jina lake silitaji, si kwa woga, ni kwa adabu tu. Serikali ya nchi hiyo iliwapenda wananchi wake kiasi cha kutotaka wakose kitu chochote, hata madeni. Ikaunda Wizara ya Neema na Malipo ya Baadaye, ikamweka hapo Mheshimiwa Majigambo, msomi aliyesoma mpaka shingo ikakataa kugeuka.

Chini ya kivuli cha Wizara ikaota kampuni inayoitwa Bebaleo. Duka lake halikuwa na mlango wala kaunta, lilikaa ndani ya simu. Unafungua, unatazama, unagusa, unaletewa, halafu unalipa kidogo kidogo. Tangazo lao la redioni lilikuwa tamu: "Beba leo, kesho tutajuana!" Watoto waliliimba wakiruka kamba. Hakuna aliyejiuliza huko kujuana kwa kesho kutakuwa kwa namna gani.

Bunge nalo, lisije likadhaniwa limelala, likapitisha Sheria ya Kutazama. Waziri aliisoma kwa sauti ya mtu anayekata utepe.

"Aliyetazama ametamani! Aliyetamani amekusudia! Aliyekusudia amenunua! Na aliyenunua, waheshimiwa wabunge, anadaiwa!"

Wabunge wakagonga meza mpaka maji yakamwagika. Mmoja, mtu mpole wa kule nyuma, akauliza, je, vipofu? Akajibiwa asiwe na haraka, muswada wa kusikia unaandaliwa.

*

Katika nchi hiyo aliishi mjane mmoja, Bi Siwatu, mchora piko, yale maua meusi ya mikononi. Maharusi wa mji mzima walipita mikononi mwake, na sasa zamu ilikuwa imefika nyumbani kwake mwenyewe: binti yake wa pekee, Nuruana, alikuwa ameposwa na kijana wa watu, Hilali. Mahari yameshapokelewa, pilau limeshaagiziwa mchele.

Mama gani anayemtoa binti bila masufuria? Bi Siwatu akafungua Bebaleo ili atazame masufuria. Akayaona. Akaona na bei. Akasema "Astaghfirullah", akafunga simu, akaenda sokoni akanunua masufuria yale yale kwa Mpemba mmoja anayekubali kupunguza bei mpaka anataka kulia. Akalipa taslimu, akarudi nyumbani nayo kichwani.

Haikupita muda, simu ikalia. Ujumbe:

"Mpendwa Siwatu! Hongera kwa friji yako ya milango miwili. Malipo yako ya kwanza yamechelewa. Umeongezewa faini ya kuchelewa. Umeongezewa faini ya kuchelewa kujua kwamba umechelewa. Tunakupenda."

"Nuruana," akaita, "hii nyumba ina friji?"

"Mama, hii nyumba umeme wenyewe unakuja kama shangazi, akipenda."

"Basi hawa wamekosea namba. Wacha niwapigie niwatoe wasiwasi, masikini."

Ndivyo alivyokuwa Bi Siwatu. Aliwaonea huruma.

*

Kitendawili! Ana mdomo, hana masikio. Hicho mnakijua, ni mashine ya kupokea simu za wateja. Ilimwambia Bi Siwatu kwa sauti ya asali: "Kama unakubali deni lako, bonyeza moja. Kama unakubali sana, bonyeza mbili. Kusikiliza tena sababu za kukubali, bonyeza tatu."

Akabonyeza sifuri. Muziki ukapiga, na kila dakika ya muziki alikatwa salio. Mwishowe akaja mtu mwenye pumzi.

"Kitengo cha Kukumbusha kwa Upendo, naitwa Afisa Hiari, nikusaidie kulipa?"

"Hujambo mwanangu? Habari za kazi? Nyumbani hawajambo?"

Inaonekana swali hilo halikuwemo katika mafunzo.

"Mama, una deni la friji."

"Mwanangu, mimi sina friji. Nilitazama masufuria tu."

"Ndiyo, mama. Mfumo unaonyesha unayo."

"Basi mwambie huyo Mfumo aje nimkaribishe, atafute mwenyewe uvunguni."

"Mfumo hautembei, mama."

"Friji ilitembeaje?"

Afisa Hiari akavuta pumzi. "Mama, mimi nakushauri kama mtoto wako. Lipa kidogo tu, kuonyesha nia njema."

"Nikilipa kidogo nitakuwa nimekiri kidogo. Unataka nikiri mlango upi wa friji, wa juu au wa chini?"

Simu ikakatika. Papo hapo ukaingia ujumbe: "Mpendwa Siwatu, umetozwa ada ya mazungumzo. Tunakupenda."

*

Akajifunga kanga, akaenda Ofisi ya Malalamiko. Jengo lilikuwa la vioo, ili wananchi wajione wanavyochoka. Ukumbini hapakuwa na kiti, ila tangazo: VITI VYA KUSUBIRIA VINAPATIKANA KWA MKOPO NAFUU. Bi Siwatu akakaa chini. Mlinzi akamfuata, akamwambia kwa heshima kwamba sakafu nayo iko kwenye majaribio ya kukopeshwa.

Karani alikuwa na tai nyekundu na kucha ndefu ya kidole kidogo.

"Mama, malalamiko yanapokelewa ukishalipa nusu ya deni."

"Na ambaye hana deni?"

"Huyo analipa nusu ya deni ambalo hana. Sheria haibagui."

"Mwanangu, nina ombi moja tu. Nionyesheni hiyo friji. Hata kwa mbali. Hata mgongo wake."

Karani akacheka, akijichokoa sikio kwa kucha ile. "Mama wewe! Katika nchi hii watu wote wanalipa, hakuna anayeomba kuonyeshwa. Wewe nani?"

"Mimi Siwatu. Andika: anasema aonyeshwe."

Akaondoka. Na kesho yake akarudi na neno lile lile, na kila alipomaliza kazi ya piko alirudi tena, mpaka mlinzi akawa anamwamkia na kumuuliza kama leo ameonyeshwa.

*

Bebaleo walipoona huyu hashtuki, wakaamua kumpenda zaidi. Kitendawili! Mgeni wangu habishi hodi kwangu, anabisha kwa majirani. Ni mdai wa Bebaleo, si mwingine. Maana ukilifungua duka lao hata mara moja, kila jina lililo ndani ya simu yako linakuwa lao. Siku hiyo hiyo ujumbe ukawafikia watu wote waliokuwemo katika simu ya Bi Siwatu: Fundi Bomba, Muuza Maziwa, mwalimu wa madrasa, wateja wa piko, na hata Marehemu Baba, ambaye Siwatu, mwanawe, hakupata moyo wa kumfuta.

"Ndugu, jamaa yako SIWATU amekimbia na friji. Mwombee. Mkanye. Mlipie."

Sasa watu wa nchi hiyo, kama watu wote waliolelewa, ukiwapa habari mbaya wanajibu "pole". Fundi Bomba akajibu pole. Muuza Maziwa akajibu poleni sana. Hata yule mgeni wa mbali aliyerithishwa namba ya Marehemu Baba, hamjui Siwatu wala friji, naye akajibu "Poleni wafiwa", maana aliona tu majonzi. Wote wakapokea jibu moja: "Asante kwa kuguswa. Aliyeguswa ni mdhamini. Malipo yako yanaanza leo."

Waziri alilisifu jambo hilo redioni. Alisema wenzetu wa nchi zilizoendelea wana mafuta na dhahabu, sisi tuna utu, na utu usiochimbwa ni mali iliyolala.

Mmoja wa waliopata ujumbe ule alikuwa ameandikwa katika simu "Mkwe Ramla". Huyo ndiye mama yake Hilali, bwana harusi. Bi Ramla alikuwa mwanamke wa heshima, na heshima yake alitembea nayo mbele kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Yeye hakujibu pole. Yeye alituma mshenga.

Mshenga akaketi, akakataa chai, na mshenga akikataa chai ujue kuna jambo.

"Bi Siwatu, nimetumwa, na mjumbe hauawi. Wanasema wao ni watu wa heshima. Hawawezi kuoa katika nyumba yenye friji isiyolipiwa. Harusi isimame mpaka deni liishe, na lisipoisha kabla ya mwezi kuandama, basi kila mtu achukue chake."

Nuruana alikuwa nyuma ya pazia. Pazia likatikisika mara moja, likatulia.

*

Ukoo ukakutana. Mkubwa wa ukoo alikuwa Mjomba Shali, ndugu wa mama yake Siwatu, mzee mnene mwenye kauli ya mwisho hata kama hajasikia ya kwanza.

"Tuchange," akasema. "Tulipe, tumalize maneno."

"Mjomba, tunalipa nini?"

"Maneno! Nimesema tunamaliza maneno!"

"Maneno hayamalizwi kwa hela, Mjomba. Ukiyapa hela unayalisha. Leo friji, kesho watasema nina gari limeegeshwa chumbani."

"Siwatu, kiburi hicho! Mtu mzima akidaiwa hulipa kimya kimya, usiku hapati usingizi, asubuhi anacheka na watu. Ndiyo ustaarabu. Wewe unataka kwenda kubwata ofisini kila siku! Aibu hii utaiweka wapi?"

"Nitaiweka kwenye friji, Mjomba. Si mnasema ninayo?"

Vijana wakacheka, wakakaripiwa. Hapo Nuruana akatoka, macho yamevimba.

"Mama, lipa tu. Nakuomba. Wewe unapigania friji, mimi ninampoteza mume."

Hilo ndilo lililomkata Bi Siwatu. Matusi ya Bebaleo yalimpita kama upepo wa choo, ukiziba pua umemaliza, lakini hili likamwingia. Akaiweka mikono yake yenye rangi ya piko mapajani.

"Siipiganii friji, mwanangu. Sina friji. Nikilipa leo, nimesema mbele ya watu kwamba mama yako ni mwizi aliyerudisha. Utaingia kwa Bi Ramla ukiwa binti wa mwizi aliyerudisha, na kila kijiko kikipotea katika nyumba ile utatazamwa wewe. Nipe muda mpaka mwezi uandame. Nikishindwa, nitauza hata masufuria."

Nuruana alikaa karibu na mama yake, akamwegemea kwa hasira, kama mtu anayemwegemea adui kwa kuwa hakuna ukuta mwingine.

*

Kumbe neno la "nionyesheni" lilikuwa limepanda ngazi za jengo la vioo mpaka juu. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na Waziri akaona hapa pana jukwaa. Akatangaza Kongamano la Taifa la Kumsikiliza Mama Mmoja. Mahema, viti vya plastiki, fulana zenye picha ya Waziri akisikiliza. Na Bebaleo, ambao walikuwa na huduma mpya iitwayo Aibu ya Pamoja, wakawaletea mabasi ya bure watu wote wa simu ya Bi Siwatu, waje wajionee mdaiwa sugu anavyonyooshwa. Bi Ramla alikaa safu ya mbele, na mtandio wa hariri. Mjomba Shali alikaa nyuma, jasho likimtoka.

Waziri akasimama.

"Ndugu wananchi! Deni ni daraja! Taifa lisilodaiwa ni taifa lisilojulikana! Nani anampigia simu mtu asiyedaiwa? Nani anamkumbuka? Mimi mwenyewe nikiamka asubuhi nikakuta sidaiwi, najipapasa nione kama ni mzima! Mama huyu anasema hakuona friji. Je, upepo anauona? Upendo wa serikali anauona?"

"Hatuuoni!" likaitikia hema zima kwa moyo safi kabisa.

Waziri akamwita upesi Mkurugenzi wa Bebaleo, kijana wa suti inayobana na viatu visivyo na soksi. Mkurugenzi akasema kampuni yake inaheshimu ukweli, na leo ukweli utaonyeshwa kwenye turubai jeupe la kuonyeshea picha. Akabonyeza.

Ikatokea picha kubwa kama nyumba: friji nyeupe ya milango miwili, imesimama mbele ya mlango wa kijani. Ubavuni pana ndoo ya njano isiyo na mpini. Juu ya friji amelala paka mweusi mwenye sikio moja.

"Ushahidi!" akasema Mkurugenzi. "Friji ikikabidhiwa nyumbani kwa Bi Siwatu!"

"Mlango wangu ni wa bati," akasema Bi Siwatu, "na paka sifugi, nina chafya."

"Milango hupakwa rangi, mama," akasema Waziri. "Paka hutembea."

Watu wakaanza kumzomea Bi Siwatu, kidogo kidogo, kwa adabu. Nuruana akainamisha kichwa. Ndipo Bi Ramla, aliyekuwa anaitazama ile picha huku shingo imemrefuka, akasimama bila kujua kwamba amesimama.

"Ee! Si yule yule paka! Si ndiyo picha niliyoletewa mimi, nikalipa mpaka nikauza bangili!"

Akajiziba mdomo. Lakini neno si kuku, ukilifungua halirudi bandani.

Bi Siwatu akageuka polepole.

"Mzazi mwenzangu, nawe una friji?"

"Sina!" Bi Ramla alitoa sauti ya mtu aliyekalia sindano. "Sikununua kitu! Nililipa ili... nililipa ili watu wasiseme."

Kwa nyuma kiti cha plastiki kikapasuka. Mjomba Shali alikuwa ameinuka. "Na mimi," akasema, akitazama viatu vyake. "Na ndoo hiyo hiyo ya njano. Nimelipa mara mbili. Mara ya pili kwa sababu ya kulipa mara ya kwanza."

Basi ikawa kama mvua ya mawe kwenye bati. Na mimi! Na mimi! Fundi Bomba. Mwalimu wa madrasa, aliyekopa hela ya mikeka. Muuza Maziwa. Afisa Hiari wa Kitengo cha Upendo, aliyekuwa anagawa fulana, akainua mkono akilia: alikatwa kwenye mshahara. Wale wazee wa heshima waliokuwa wakicheka na watu asubuhi, kila mmoja alikuwa amelipia usiku friji ile ile, na kila mmoja alidhani katika mji mzima mjinga ni yeye peke yake. Mwishowe, pale jukwaani kwenye kiti cha mgeni rasmi, mke wa Waziri akamvuta mumewe koti, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

"Baba, si ile uliyosema tulipe tu kimya kimya?"

*

Msidhani serikali ilikaa bure. Siku ya pili tu ilitoa tamko zito. Ilisema kwa kuwa friji imelipiwa na wananchi wote, basi ni mali ya wananchi wote, na kuanzia sasa itaitwa Friji ya Taifa. Itahifadhiwa kwa niaba yao nyumbani kwa Waziri, ambako umeme haukatiki. Wananchi wataruhusiwa kujivunia. Kuifungua ni kosa.

Bebaleo waliadhibiwa vikali: waliamriwa kubadilisha jina. Sasa wanaitwa Tunajali, wimbo ni ule ule. Yule mbunge mpole wa nyuma aliuliza, na hela za watu? Akajibiwa kwamba kurudisha hela kutawafanya wananchi wajisikie hawakuaminiwa. Na Bi Siwatu alipata ujumbe wake: "Mpendwa Siwatu, deni lako limefutwa. Lipia ada ya kufutiwa. Tunakupenda."

Hakulipa. Alitoka nao nje mpaka bombani, penye foleni ya ndoo, akausoma kwa sauti kubwa, na vituo vyote. Mwanamke wa kwanza katika foleni akatoa simu yake, akasoma wa kwake. Wa pili akasoma. Wakacheka mpaka maji yakafurika. Tangu hapo ikawa desturi ya mji: ukitishwa, hulipi usiku, unasoma mchana, na mwenye kitisho kibaya zaidi anapewa nafasi ya mbele kwenye foleni. Kitengo cha Kukumbusha kwa Upendo kiliandika, kikaandika, lakini unamwaibishaje mtu anayekushangilia?

Bi Ramla alikuja mwenyewe kwa miguu, bila mshenga, na heshima yake akaiacha nyumbani. Chai alikunywa, vikombe viwili.

"Mzazi mwenzangu, nilikukosea."

"Ulinikosea. Ongeza sukari."

"Mwezi ukiandama tuwape watoto haki yao?"

"Tuwape. Ila kitu kimoja. Nuruana akija kwako, kijiko kikipotea?"

"Nitaanza kujipekua mwenyewe."

Siku ya harusi Bi Siwatu alimchora binti yake piko kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, maua yasiyo na idadi. Ukafika wakati wa kusoma salamu za mbali. Ikasomwa ya shangazi, ikasomwa ya shemeji aliye ng'ambo, kisha simu ya Hilali ikalia, naye bwana harusi akampa msomaji aendelee tu.

"Mpendwa Hilali! Hongera kwa kitanda chako cha sita kwa sita. Malipo yamechelewa. Usipolipa sasa hivi, maofisa wetu watafika hapo ulipo leo hii na kukuchukua mbele ya wakwe zako. Tunakupenda."

Vigelegele vikapasua hema. Nuruana alicheka mpaka wanja ukamchuruzika. Na Bi Ramla, mwanamke wa trei ya mayai, akapanda juu ya kiti na viatu vyake, akapaza sauti kumpita msomaji:

"Mjibuni waje upesi! Na waje na sahani zao, pilau linapoa!"

Hadithi ndiyo hiyo, nimeiweka mikononi mwenu. Mkiipenda ni yenu, mkiichukia pia ni yenu. Mimi sitawapigia simu wajomba zenu kuidai.